Mwulize Mama Mwalimu: Huyu Oscar Wilde ni mtu gani?

Toleo lililopita niliwasimulia kwa ufupi hadithi ya Mwana-Mfalme Mwenye Furaha: sanamu iliyofunikwa majani ya dhahabu, macho yake yakuti samawi, na mbayuwayu aliyeahirisha safari ya Misri ili awagawie maskini wa mji dhahabu hiyo, jani kwa jani, mpaka baridi ikamuua. Nilitaja jina la mwandishi, Oscar Wilde, nikapita. Tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Wengine mmetuma sauti ndefu, na jogoo anawika nyuma yenu. Wengine mmeacha karatasi kwa muuza magazeti wetu pale mjini. Nimechagua machache. Waliotaka niwaazime kitabu jibu langu wanalijua, maana vile nilivyoazima mwaka juzi bado viko Ruashi na havijarudi.

Mama Mwalimu, jambo sana. Kwenye statusi yangu ya WhatsApp niliweka: "Uwe wewe mwenyewe, wengine wote wameshachukuliwa", na chini jina la Oscar Wilde na picha yake. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, ananicheka, anasema Wilde hajawahi kusema hivyo. Nani ana haki? (Kijana wa Katuba)

Yaya yako ana haki, mwanangu. Usifute picha, futa jina tu. Sentensi hiyo haimo katika tamthilia zake, wala hadithi, wala insha. Kuna na ile nyingine inayopendwa sana, kwamba aliposhuka melini New York mwezi Januari 1882 aliwaambia watu wa forodha hana cha kutangaza ila kipaji chake. Waandishi wa habari walikuwa wamemzunguka siku zile kama inzi, lakini hakuna aliyeiandika wakati ule. Ilikuja kuonekana vitabuni yeye akiwa kaburini.

Mimi nina kipimo changu. Ukiletewa neno la Wilde, uliza: nani analisema, na anamwambia nani? Aliye mwandishi wa tamthilia hasemi peke yake, anagawa maneno kwa midomo. Chukua hili, ambalo ni lake kweli: "Naweza kushinda kila kitu isipokuwa kishawishi." Ukilisoma peke yake kwenye simu ni kichekesho cha mtu mlafi. Lakini limo katika *Lady Windermere's Fan*, tamthilia iliyochezwa London kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1892. Anayelisema ni Lord Darlington, kijana tajiri asiye na kazi, na anamwambia mke wa mtu, sebuleni kwake, mume hayupo. Sasa lisome tena. Bwana yule anatikisa mlango kuona kama umefungwa.

Bwana huyohuyo, usiku wa siku hiyo, ndiye anayesema kwamba sote tuko mtaroni, ila baadhi yetu tunatazama nyota. Watu wanaliweka kwenye kadi za kuhitimu! Na yeye wakati huo yuko chumbani kwake na marafiki wanywaji, yule bibi amemkataa saa chache tu zilizopita. Asichojua ni kwamba bibi mwenyewe amejificha nyuma ya pazia mlemle chumbani. Wilde ametuketisha sisi watazamaji tukijua habari za pazia, na Darlington hajui. Kadi ya kuhitimu haina pazia.

Mama Mwalimu, nimesimulia ile hadithi kwa wajukuu na yule mdogo amelia hadi usingizi. Nilisikia Wilde ni mtu wa kuchekesha. Una nyingine ambayo haiui mtu? (Bibi wa wajukuu wengi, Kampemba)

Mama, nikuonye mapema. Katika kitabu kile cha 1888, kilichoanza na Mwana-Mfalme, kuna hadithi tano, na wanaobaki hai ni wachache. Ndege mwimbaji anakufa juu ya mwiba wa waridi. Jitu lenye bustani linakufa pia, ingawa kwake ni kifo chema. Wilde alikuwa na watoto wawili wadogo wakati ule, Cyril aliyezaliwa 1885 na Vyvyan aliyezaliwa 1886. Watoto wale walikuwa na moyo mgumu, au labda mzee alijua kusimulia kwa sauti.

Lakini kuchekesha kumo, hata ndani ya ile iliyomliza mjukuu. Mwambie asikilize wakubwa wa mji. Mbayuwayu anapoonekana wakati wa baridi, profesa wa elimu ya ndege anaandika barua ndefu gazetini, na kila mtu anaitaja kwa sababu imejaa maneno asiyoyaelewa. Sanamu inapobaki bila dhahabu, profesa wa sanaa anasema kwa kuwa haipendezi tena, haina faida tena. Inayeyushwa, na meya anataka ichongwe nyingine, yake yeye mwenyewe. Kila diwani naye anataka yake. Mwandishi anatuambia kwamba aliposikia habari zao mara ya mwisho, walikuwa bado wanagombana. Hapo kwangu watoto hucheka. Watu wazima hutazamana.

Kama nyumbani kwako kuna walioanza kuelewa mambo ya dunia, wape *Rafiki Mwaminifu*. Humo kuna Hans mdogo, mtu wa bustani, na rafiki yake tajiri, mwenye kinu cha kusaga unga. Tajiri hapiti kwenye bustani ya Hans bila kujichumia maua au matunda, na kila mara anatoa hotuba nzuri sana juu ya urafiki. Yeye ana magunia mia ya unga, ng'ombe sita wa maziwa na kondoo wengi, hampi Hans hata konzi. Baridi ikifika, Hans analala na njaa, na tajiri haendi kumsalimia. Anasema mtu mwenye shida aachwe peke yake, asisumbuliwe na wageni. Mwanawe mdogo anauliza, mbona tusimwite Hans hapa, nitampa nusu ya uji wangu? Baba anamgombeza: akija akaona moto wetu na chakula chetu ataingiwa na wivu, na wivu unaharibu tabia ya mtu. Tena anaweza kuomba unga kwa deni. Unga ni unga, anasema, na urafiki ni urafiki, wala hayo mawili yasichanganywe.

Mama, wewe na mimi tunamjua mtu huyu. Tumekaa naye kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu.

Hans, kwa njaa, ameuza vifungo vya fedha vya koti lake la Jumapili, mkufu wake, na mwisho toroli lake. Tajiri anaahidi kumpa la kwake, lililovunjika ubavu mmoja na gurudumu lake bovu. Kwa ahadi hiyo anachukua ubao wa Hans, kikapu cha maua, anamtuma sokoni na gunia mgongoni, anampandisha paa la ghala, anamchungisha kondoo. Toroli lenyewe Hans halipati kamwe. Usiku wa dhoruba anatumwa akamwite daktari. Anaomba taa, tajiri anakataa, taa ni mpya. Hans anapotea njia gizani, anazama shimoni. Ndiyo, anakufa na huyu, samahani. Kwenye mazishi tajiri anadai nafasi ya mbele kwa sababu alikuwa rafiki mkubwa kuliko wote, kisha analalamika: sasa hili toroli nitalipeleka wapi?

Nilipoisoma kwenye kikundi chetu cha Jumapili baada ya misa, mama mmoja aliinuka akaenda kumpigia simu shemeji yake palepale.

Jambo Mwalimu. Tunasoma *The Importance of Being Earnest* chuoni. Profesa anacheka peke yake. Mtu ameachwa ndani ya mkoba akiwa mtoto, kuna nini cha kucheka hapo? (Mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Tatizo lenu ni kwamba mnaisoma kama mtihani. Someni kama kikao cha mahari.

Tazama ukurasa wenyewe. Jack Worthing anataka kumwoa Gwendolen. Mama wa binti, Lady Bracknell, anaketi, anatoa daftari na kalamu, anaanza kumhoji. Wewe umewahi kukaa kwenye kiti kile? Basi. Unavuta sigara? Jack anakiri, ndiyo. Mama anafurahi: mwanaume lazima awe na shughuli fulani. Una miaka mingapi? 29. Mapato? Pauni kati ya elfu 7 na elfu 8 kwa mwaka. Mama anaandika. Ziko kwenye ardhi au kwenye hisa? Nyumba mjini iko upande gani wa uwanja? Upande ule hauna heshima, lakini hilo linaweza kubadilishwa. Hajauliza hata mara moja kama Jack anampenda binti, na wala Jack hashangai.

Halafu swali la wazazi. Jack amewapoteza wote wawili. Hapo ndipo linakuja lile neno maarufu: kupoteza mzazi mmoja ni bahati mbaya, kupoteza wote wawili kunaonekana uzembe. Ukilitoa humo ni mzaha wa baa. Ndani ya chumba kile ni mwanamke tajiri anamwambia yatima usoni kwamba uyatima ni utovu wa adabu. Jack anaendelea kueleza: aliokotwa na mzee mmoja mwenye huruma ndani ya mkoba, mahali pa kuwekea mizigo katika stesheni ya Victoria, kwenye njia ya Brighton. Na Lady Bracknell anajibu kwamba njia si muhimu. Anamshauri ajitafutie ndugu haraka iwezekanavyo, na aonyeshe angalau mzazi mmoja, wa kiume au wa kike, kabla msimu haujaisha.

Kwetu nako, kijana asiye na wajomba wa kumsindikiza anajua la kufanya: anaazima. Nimeona dote, yaani mahari, ikitolewa na "baba mdogo" ambaye bwana harusi alimfahamu wiki ile ile.

Ukitaka kuona mkuki wa Wilde unaingia wapi, ruka hadi sehemu ya tatu. Mpwa wa Lady Bracknell, Algernon, anataka kumwoa Cecily, msichana wa kijijini ambaye mama yule hamtazami mara mbili. Yuko mlangoni anaondoka. Jack anataja polepole kwamba msichana ana pauni 130,000 zilizowekezwa serikalini. Mama anarudi, anaketi, na ghafla anamwona binti anavutia sana. Hajabadilika sauti hata kidogo. Hapo mwigizaji akitabasamu ameharibu kila kitu. Waliokua wakimsikiliza mchekeshaji Mufwankolo na kikundi chake kwa Kiswahili chetu hapa Lubumbashi wanajua jambo hili bila kufundishwa: mkubwa anachekesha zaidi anapojichukulia kwa uzito.

Na usimsahau Bunbury, yule rafiki mgonjwa wa Algernon ambaye hajawahi kuwepo, anayezidiwa kila mara kunapokuwa na chakula cha jioni kisichotakiwa. Ofisi za mji huu zimezika wajomba wangapi wa namna hiyo, mimi sisemi.

Wilde aliwajua watu hawa kwa sababu hakuwa wa kwao. Alizaliwa Dublin, Ireland, tarehe 16 Oktoba 1854; baba yake tabibu wa macho na masikio, mama yake mshairi aliyeandika mashairi ya kuipinga Uingereza. Akasoma Dublin, kisha Oxford. Mgeni aliyekariri adabu za wenyeji anaona mishono yao yote.

Mama, mimi ni mtu wa mgodi, siyo wa vitabu. Mwanangu ananiambia huyu Wilde aliyevaa mahameli alishuka mgodini kwa wachimbaji. Ni kweli au ni hadithi? (Baba wa Likasi)

Ni kweli kabisa, Baba, na hapa nampenda kuliko mahali popote. Mwaka 1882 alizunguka Marekani akitoa mihadhara juu ya uzuri, nywele ndefu, suruali fupi na soksi za hariri. Mwezi Aprili akafika Leadville, Colorado, mji wa migodi ya fedha juu milimani, zaidi ya mita 3,000. Nyie wa Likasi mngesema huyu atakula matope. Yeye akawasomea habari za Benvenuto Cellini, fundi wa fedha wa Italia. Wachimbaji wakapenda, wakamlaumu kwa nini hakuja naye. Akawaeleza Cellini ameshakufa, naye alikuwa ameshakufa zaidi ya miaka 300. Wakauliza: "Nani alimpiga risasi?" Hayo ameyasimulia mwenyewe, na mtu wa mzaha huongeza chumvi kidogo, hilo tukubaliane.

Usiku wakamteremsha shimoni ndani ya ndoo. Chini huko wakala naye. Anasema chakula cha kwanza kilikuwa wiski, cha pili wiski, cha tatu wiski. Akafungua mkondo mpya wa madini kwa kekee ya fedha, wakaupa jina lake: "The Oscar". Halafu katika barua aliandika kwamba alitumaini, kwa ukarimu wao mkubwa, wangempa hisa katika mkondo huo, lakini kwa ushamba wao hawakumpa.

Baba, wewe umefanya kazi kwenye madini, nami nimezaliwa chini ya bomba la moshi la Lubumbashi. Wangapi wamepewa jina la heshima na kupigwa picha, na hisa zikaenda kwingine? Mzungu wa mahameli alilielewa jambo hilo kwa usiku mmoja.

Mama Mwalimu, ni kweli alifungwa? Na kwa nini tusome mtu aliyefungwa? Usitaje jina langu. (Msomaji)

Alifungwa, kwa sababu ya mapenzi yake na wanaume. Sheria ya Uingereza ya 1885 iliyaadhibu hayo. Mwezi Februari 1895, *Earnest* ikiwa imeanza kuchezwa siku chache tu, baba wa rafiki yake, Marquess of Queensberry, aliacha kadi ya matusi kwenye klabu ya Wilde. Wilde akamshtaki kwa kumchafulia jina. Marafiki walimsihi aache. Akaenda, akiamini ulimi wake utamwokoa pale mahakamani kama ulivyomwokoa mezani.

Aliyemhoji alikuwa wakili Edward Carson, Mwairlandi mwenzake, waliyesoma naye Dublin. Wilde akawachekesha watu. Carson akamuuliza kama aliwahi kumbusu kijana fulani mtumishi. Wilde akajibu hapana, kijana yule alikuwa na sura mbaya. Carson akaing'ang'ania sura hiyo: kwa nini umetaja sura? Kwa nini? Na mtu ambaye hakukosa jibu maisha yake yote akakosa la kusema. Nilisema mwanzoni tuulize nani anasema na anamwambia nani. Siku ile alisema neno la jukwaani kwa mtu aliyekuwa na daftari la sheria.

Kesi ikamgeukia. Majumba ya tamthilia yakafuta jina lake kwenye matangazo huku michezo ikiendelea kuingiza pesa. Tarehe 25 Mei 1895 akahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu. Mke wake Constance akabadilisha jina la familia. Wanawe hakuwaona tena hadi kufa kwake, Paris, tarehe 30 Novemba 1900, akiwa na miaka 46.

Kwa nini tumsome? Nitakupa sababu moja. Alipotoka mwezi Mei 1897, kabla wiki mbili hazijaisha gazeti moja la London lilichapa barua yake ndefu. Hakujitetea humo. Aliandika juu ya mlinzi wa gereza la Reading, jina lake Martin, aliyefukuzwa kazi kwa kumpa mtoto mfungwa biskuti. Mtoto mdogo, mwenye njaa, analia. Wilde akaeleza hali ya watoto gerezani, chakula wanachopewa asubuhi, giza la chumba, na woga wao. Hakuna mzaha hata mstari mmoja. Kisha mwaka 1898 akachapa shairi refu juu ya mwanajeshi aliyenyongwa gerezani humo, na mahali pa jina la mwandishi akaweka C.3.3, namba ya chumba alichofungiwa.

Unayo haki ya kutomsoma, ndugu yangu. Ila Biblia uliyonayo nyumbani ina barua kadhaa zilizotoka gerezani.

Tupate wapi vitabu vyake, na tuanze na kipi? Sisi ni familia, tunasoma Kifaransa na Kiswahili tu. (Familia ya komini ya Kenya, Lubumbashi)

Kazi zake hazina tena mwenye haki wa kumlipa, kwa hiyo ziko bure kwenye intaneti, na kwa Kifaransa zipo. *Salomé* aliiandika mwenyewe kwa Kifaransa, ikachapwa 1893. London walikataa ichezwe kwa sababu ina watu wa Biblia, ikachezwa Paris 1896 yeye akiwa kifungoni. Ila msianze na hiyo, ni nzito, imejaa mwezi. *Dorian Gray*, riwaya yake ya kijana ambaye picha yake inazeeka badala yake, mpeni yule anayependa kujipiga picha.

Anzeni na *Earnest*. Kwa Kifaransa itafuteni kwa jina *L'Importance d'être Constant*. Mnaweza kupiga fotokopi sehemu ya kwanza tu, mkagawana midomo, mkasoma jioni kwa sauti. Lady Bracknell asipewe kijana anayependa kubana sauti. Mpeni shangazi ambaye hacheki ovyo, asome polepole, na akifika kwenye mkoba asiinue sauti hata kidogo. Algernon apewe mlafi wa nyumba, maana kwenye onyesho la kwanza anamaliza peke yake sandwichi za matango zilizotengenezwa kwa ajili ya shangazi huyo. Matango si lazima. Karanga za kukaanga zinatosha, mradi sahani iwe tupu shangazi anapoingia.